Kofia ya Tatu

Kazini walimwita Kapteni, na aliyelitamka jina hilo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Redio. Redio alikuwa mpakia mizigo mwenzake pale uwanja wa ndege, mtu mwembamba mwenye mdomo usiojua likizo. Jina lake alipewa kwa sababu akishawashwa saa kumi na mbili asubuhi hazimiki mpaka zamu iishe. "Kapteni, shusha hilo begi taratibu, tua kwa magurudumu yote! Kapteni, abiria wako mmoja ni friji, mfunge mkanda!" Wenzao wakaangua kicheko. Kapteni naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayebanwa na kiatu mbele za watu.

Ubaya wa utani huo ni kwamba ulikuwa kweli. Kule alikotoka alikuwa rubani, tena mwenye mistari begani, na kitabu chake cha safari kilikuwa na saa elfu mbili na mia moja za angani. Kisha shirika alilokuwa akilirushia ndege likafungwa kufuli, na katika miezi ile ile mkewe, muuguzi, akapata kazi katika hospitali ya mji huu. Wakafunga virago, wakawashika mapacha wao mkono, wakahamia. Wiki ya pili alivaa shati jeupe akaipeleka leseni yake kwenye ofisi ya usafiri wa anga. Afisa aliigeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua noti ya kuokota, akasema kwa upole, "Leseni nzuri hii, ndugu yangu. Ila ni ya kwenu."

Ili iwe ya hapa, alielezwa, itambidi afanye mitihani kumi na minne ya nadharia, kana kwamba hajawahi kuliona wingu kwa karibu. Si lazima akae darasani. Zipo shule zinazofundisha kwa masafa: mtu anasomea kwake, anatuma majibu kwa kompyuta, huku akiendelea na kazi yake. Lakini sharti moja halikuwa na mjadala. Tangu mtihani wa kwanza, miezi kumi na minane inaanza kuhesabiwa. Ikiisha na mtihani mmoja mtu hajaufaulu, basi hata ile kumi na mitatu aliyofaulu inakufa, na mtu anaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mkewe, ambaye tangu mapacha wazaliwe hakuna aliyemwita jina jingine isipokuwa Mama Pacha, alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amesimama jikoni anapiga pasi sare yake ya hospitali kwenye meza ile ile ya kulia.

"Miezi kumi na minane," alisema. "Sawa. Nitakuwa baba na mama wa nyumba hii. Sitakuuliza umerudi saa ngapi wala mbona huongei na watoto. Lakini mara moja tu, baba watoto. Ikiisha ukiwa na leseni, tutashukuru. Ukiwa huna, vitabu vinatoka humu ndani, na wewe unarudi mezani kula na sisi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Sema mara moja."

"Mara moja tu," akasema Kapteni, na wakati huo alidhani miezi kumi na minane ni mingi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama kweli kweli. Tumbo la ndege, pale mizigo inapopangwa, ni fupi. Mtu hawezi kusimama, anatembea kwa magoti. Humo ndimo alimosomea. Mkewe alikuwa amemwandikia maswali kwenye vikadi, swali mbele, jibu nyuma, na kila asubuhi alitia kumi na tano kwenye mfuko wa ovaroli yake. Trekta likienda kuleta mizigo mingine, yeye huchomoa kadi moja, akaisoma kwa mwanga wa mlango, akajibu kimoyomoyo, akageuza. Kadi nyingi zilikuwa na alama za vidole vyeusi. Moja ilinuka samaki kwa miezi mitatu.

"Mshika mbili, moja humponyoka," Redio alimwonya siku moja, amejilaza juu ya masanduku ya watu.

"Na asiyeshika hata moja?"

"Huyo ndiye mimi, na unaona mwenyewe nilivyonenepa," akajibu Redio, mwembamba kama ufito.

Mwalimu wake hakuwahi kumwona. Alikuwa barua tu inayoingia kwenye kompyuta, na Kapteni alimwita Mwalimu Hewa. "Mpendwa mwanafunzi, hongera kwa kukamilisha sura ya tisa!" Sura ya kumi, hongera. Ya kumi na moja, hongera. Mara moja alimpongeza kwa jaribio alilopata sifuri, kwa sababu umeme ulikatika na majibu hayakufika. Kapteni aliandika kuomba ufafanuzi, akajibiwa baada ya wiki mbili kwamba maoni yake ni ya thamani sana.

Lakini bandu bandu huisha gogo. Sheria za anga, akafaulu. Hali ya hewa, akafaulu. Injini, mawasiliano, kupanga safari, uzito wa ndege. Mama Pacha alibandika orodha kwenye mlango wa friji, na kila mtihani ukipita mapacha waligombania nani aukate kwa kalamu nyekundu. Kufika mwezi wa kumi na sita, kumi na mitatu ilikuwa imekatwa. Ulibaki mmoja tu: Vyombo, yaani vile vipima vilivyo mbele ya rubani. Na Vyombo ulikuwa umeshamwangusha mara mbili. Mara ya kwanza alipata sabini na moja, mara ya pili sabini na tatu. Kufaulu ni sabini na tano.

Mitihani ilitolewa mara moja kwa mwezi. Siku ya mwisho iliyomo ndani ya miezi yake kumi na minane ikaangukia Jumatano, saa nane mchana. Aliomba ruhusa ya siku nzima. Bosi wa zamu akamwambia watu wawili wanaumwa, hana mtu, ila atamwachia saa saba kamili, na hiyo ni kwa heshima yake. Kapteni akashukuru, ingawa moyoni alitamani kumrushia begi.

Asubuhi ile Mama Pacha alimsindikiza mpaka mlangoni, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kufanya.

"Mrija umezibwa, tundu liko wazi, ndege inashuka?" akamuuliza, swali la kwenye kadi.

"Kipima mwendo kinadanganya. Kinaonyesha mwendo mdogo kuliko wa kweli."

"Nenda," akasema. "Unajua kuliko wao."

Sasa ni lazima niseme habari za kofia, maana bila hizo mtu hawezi kuelewa kilichompata. Ndege hujua mwendo wake kwa kupokea upepo kupitia mirija midogo iliyochomoza puani, mirefu kama kiganja tu. Ile kubwa waliyoihudumia wao ina mitatu: miwili kushoto, mmoja kulia. Ndege ikilala uwanjani, kila mrija huvishwa kofia yenye utepe mwekundu ili wadudu na vumbi visiingie. Kabla ya kuondoka, kofia lazima zitoke. Ikisahaulika moja, rubani anakimbiza ndege kwenye barabara ya kurukia akiwa na kipima mwendo kisichomwambia ukweli, nyuma yake kuna watu mia na hamsini wanaotafuta pa kuweka miguu.

Kwa hiyo pale kazini kulikuwa na desturi. Anayetoa kofia huhesabu kwa sauti, na mwenzake humwitikia. "Moja!" "Moja!" "Mbili!" "Mbili!" "Tatu!" "Tatu, safi!" Wageni walicheka, wakasema hawa watu wazima wanacheza mchezo wa watoto. Lakini hakuna kofia iliyowahi kusahaulika.

Jumatano ile kulikuwa na ndege iliyolala siku mbili ikisubiri kipuri, nayo ilipangwa kuondoka saa nane na dakika arobaini. Saa saba kasorobo Kapteni na Redio walitumwa kuiandaa. Redio alikuwa katikati ya kisa kirefu cha shemeji yake aliyenunua kochi lisilopita mlangoni. Kapteni naye midomo ilikuwa ikicheza: dira na makosa yake, dira na makosa yake. Akapanda ngazi ya kushoto, akatoa kofia. Akatoa nyingine. Bosi wa zamu akapiga kelele kutoka kwenye gari kwamba aje asaini kutoka mapema. Hapakuwa na aliyehesabu. Alisaini, akafunga mfuko wa turubai wa kofia, akamkabidhi Redio, akakimbilia bafuni kubadili nguo.

Chumba cha mtihani kilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo la ofisi, kompyuta kumi na mbili zilizotenganishwa kwa mbao, na dirisha moja lililotazama upande ambao ndege hupandia. Mlangoni msimamizi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alichukua simu ya kila mtu akaitia kwenye bahasha yenye jina lake.

"Akitoka mtu kabla hajamaliza, kwake ndiyo mwisho," alitangaza. "Hata chooni. Mwenye tumbo aseme sasa."

Watu wakacheka kidogo. Kapteni alikaa, akafuta viganja kwenye suruali, saa nane ikagonga.

Maswali yalikuwa sitini, na jamani, alikuwa anayajua. Mara mbili zilizopita alikuwa kama mtu anayepapasa swichi gizani. Leo kila swali lilikuwa kadi, na kila kadi aliikumbuka ilipo na doa. Swali la kumi, la kumi na tano, la ishirini. Akaanza kuona furaha inamjia, akaikataza isije mapema. Swali la ishirini na tatu likafunguka:

"Ndege inapanda. Mrija wa kupokea upepo umezibwa kabisa. Matundu ya pembeni yako wazi. Kipima mwendo kitaonyesha nini?"

Kitaonyesha mwendo unaoongezeka, hata kama ndege inapoteza mwendo. Herufi A. Mkono ulikuwa tayari unakwenda kubonyeza, na hapo ndipo akaiona pua ya ile ndege. Akajiona yuko juu ya ngazi ya kushoto, kofia moja, kofia mbili. Bosi anamwita. Halafu?

Akabonyeza A. Akajaribu swali la ishirini na nne, macho yakapita juu ya maneno bila kuyaokota. Alishuka ngazi ya kushoto. Je, alipanda ya kulia? Alikumbuka kusaini, alikumbuka rangi ya kalamu. Alikumbuka zipu ya mfuko. Hakukumbuka uzito wake, kama ni wa kofia mbili au tatu. Alikumbuka kochi la shemeji lilivyokwama mlangoni. Dira na makosa yake alikumbuka yote. Kofia ya kulia hakuikumbuka kabisa.

Akajiambia: Redio ataona. Lakini Redio akiwa katikati ya kisa haoni hata treni. Akajiambia: rubani mwenyewe huizunguka ndege kabla ya kuondoka. Hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu yeye amewahi kuwa huyo rubani. Alikumbuka asubuhi moja ya manyunyu kule kwao, amechelewa, akaizunguka ndege yake yote, akatazama kila kitu, asione hata kimoja. Akajiambia: watagundua barabarani, watasimama. Huenda wakasimama. Huenda pia wasisimame kwa wakati.

Saa ya kompyuta ilisema nane na dakika ishirini na sita. Akainua mkono.

"Mama, samahani," alinong'ona. "Naomba unipigie simu moja tu. Namba nitakupa. Ni habari ya ndege inayoondoka sasa hivi."

"Simu haziruhusiwi, baba."

"Si mimi nipige, piga wewe. Uliza tu kama kofia ya kulia imetolewa."

Yule mama alimtazama juu ya miwani. Alikwisha kuona watu wazima wakilia humo ndani, alikwisha kuona aliyejifanya amezimia. Kisingizio cha kofia kilikuwa kipya. "Mimi kazi yangu ni mlango tu, baba yangu," akasema, tena kwa huruma. "Ukitaka kutoka sikushiki. Lakini ukitoka, umemaliza."

Alirudi kuitazama kompyuta. Maswali thelathini na saba yalikuwa yamebaki. Akabonyeza herufi B bila kusoma, swali moja, la pili, la sita, kama mtu anayetupa nguo dirishani nyumba ikiungua. Kisha akajionea aibu, akasimama, akachukua bahasha yake mlangoni, akatoka.

Ngazini alipasua bahasha kwa meno. Akampigia Redio. Simu iliita ikaita. Naye alijua kwa nini: wafanyakazi wa uwanjani huacha simu zao kabatini, ndiyo sheria, yeye mwenyewe aliifuata miaka miwili. Akapiga tena. Akapiga kwa bosi wa zamu, haikupokelewa. Akasimama kando ya barabara mbele ya duka la viatu, akapiga ofisi ya uendeshaji, na namshukuru aliyepokea, maana angalau alikuwa mtu.

"Uendeshaji, nikusaidie nini?"

"Dada yangu, ile ndege ya saa nane na arobaini imeshasukumwa kutoka maegeshoni?"

"Nani mwenzangu?"

"Mimi wa upakiaji, zamu ya asubuhi. Sina hakika kama kofia ya mrija wa kulia imetolewa. Waambie waangalie kabla haijaondoka. Sema 'kofia ya kulia' tu, wataelewa."

"Uko zamu sasa hivi?"

"Nimetoka."

"Umemwambia bosi wako wa zamu?"

"Hapokei!"

"Usinifokee, kaka. Habari ya ndege mimi naipokea kwa bosi wa zamu au kwa rubani."

Hapo ulimi ukamponyoka. "Mimi ni rubani."

"Si umesema wewe wa upakiaji?"

"Vyote viwili. Dada, nakuomba."

"Ngoja nikuunganishe," akasema yule dada, na muziki ukaanza kupiga sikioni mwake, kinanda laini cha kumtuliza mtu. Ukapiga mpaka laini ikakatika. Alipopiga tena, namba ilikuwa inatumika. Akapiga tena kwa Redio. Uwanja ulikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa gari, hata angeota mbawa. Muuza viatu alitoka akamuuliza kama anatafuta saizi gani.

Aliisikia kabla hajaiona. Saa nane na dakika hamsini na mbili ilipita juu ya mapaa, imekunja magurudumu, imenyooka, inang'aa tumboni pale alipokuwa akitambaa kwa magoti asubuhi. Aliitazama kwa jicho la rubani. Ilikuwa inapanda vizuri. Mwendo wake ulikuwa mzuri, pua mahali pake. Ndege yenye kofia isingefika pale. Wangeulizana mwendo barabarani, vipima viwili vingegombana, wangefunga breki. Akajua kwamba watu wote mle ndani wako salama, na akafurahi, nasema ukweli, alifurahi kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akatazama juu, kwenye dirisha la ghorofa ya tatu.

Redio alipiga saa tisa na robo.

"Kapteni! Simu kumi na moja! Umefaulu, eh? Sema umefaulu, niwaambie hawa washenzi!"

"Kofia ya kulia," akasema Kapteni.

"Kofia gani?"

"Ya kulia. Nani aliitoa?"

"Niliitoa mimi, wewe umekwenda kwa bosi. Uliporudi nikakutia mkononi, ukaniambia asante. Zilikuwa tatu, zimo mfukoni, nimekaa karibu nazo hapa. Kwani vipi?" Redio akangoja. "Kapteni? Mbona mapema hivi, si ulisema mtihani unaisha saa tisa na nusu? Uko wapi?"

"Mbele ya duka la viatu," akasema Kapteni, na Redio si mjinga. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, kulikuwa na simu kati yao na hakuna aliyesema kitu.

Nyumbani Mama Pacha alikuwa ametandika meza. Vitabu alikuwa ameviondoa mwenyewe, ameviweka kwa heshima kwenye kiti, na mapacha wameshika kalamu nyekundu, mmoja ncha hii mwingine ncha ile. Alimwona usoni, akawatuma watoto chumbani. Akamsikiliza tena mpaka mwisho, kama siku ile ya pasi.

"Ulikuwa unayajua?" aliuliza.

"Nilikuwa nayajua yote."

"Hilo la mrija?"

"Hilo nililijibu."

Akaanza kulia kwa hasira. "Mungu wangu, si ungekaa tu! Kuna rubani, kuna Redio, kuna watu mia pale uwanjani. Kwa nini uwe wewe?" Akajifuta kwa kiganja. "Mimi huwa narudi wodini kutoka kituo cha basi. Nimefunga dripu ya mgonjwa, najua nimefunga, narudi kuitazama. Ningekuwa mimi ningetoka pia. Ndiyo maana nina hasira. Sina hata wa kumlaumu."

Kompyuta ikalia. Barua ilikuwa imeingia. "Mpendwa mwanafunzi, hongera kwa kukamilisha mtihani wa Vyombo! Alama yako ni thelathini na nane."

Alikaa akingoja labda mkewe atasema neno lolote juu ya mara ya pili. Mkewe naye alikaa, na kuna dakika ambayo angeweza kuombwa amruhusu tena. Kapteni aliona dakika hiyo ikipita, akaiacha, kwa sababu ahadi ilikuwa yake na miezi kumi na minane ilikuwa ya mwanamke huyu. Akanyanyuka, akaenda kwenye friji, akabandua orodha. Mistari kumi na mitatu myekundu, wa kumi na nne mweupe. Akatafuta boksi la kutia vitabu. Kisha akarudi mezani akala nao, akawauliza mapacha habari za shule, wakamtazama kwa mshangao kama mgeni mwenye adabu.

Kesho yake alikuwa kazini saa kumi na mbili. Redio alikuwa amefika kabla yake, jambo lisilowahi kutokea. Hakuwa na kisa. Walipakia ndege ya kwanza bila kusema ila "shika" na "sukuma", na wenzao nao walikuwa na adabu ya msibani. Mmoja alimletea chai bila kuombwa. Begi kubwa likamdondoka Kapteni mguuni, la kutosha utani wa wiki nzima, na watu wakageuza nyuso wakajifanya hawakuona.

Akagundua kwamba anangoja. Tangu asubuhi alikuwa anangoja sauti moja ya kumwambia ashushe begi taratibu, atue kwa magurudumu yote. Miaka miwili jina lile lilimchoma, na sasa alilitaka kama mtu anavyotaka maji.

Saa nne wakatumwa kwenye ndege iliyolala. Redio alipanda ngazi mwenyewe, Kapteni akasimama chini mikono wazi.

"Moja," akahesabu Redio.

"Moja."

"Mbili."

"Mbili."

Wakazunguka pua mpaka upande wa kulia. Redio aliitoa ya mwisho taratibu, akashuka ngazi yote badala ya kuirusha kama kawaida yake, akamtia mkononi, akavikunja vidole vya mwenzake juu yake mpaka akahakikisha vimeshika.

"Tatu," akasema, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa jina lake la kuzaliwa.